Mashine Isikunyime Raha ya Kazi Yako

Na Mwandishi Wetu

Akili unde imeingia maofisini, zahanatini na madarasani. Wapo wanaoifurahia, na wapo wanaohisi kwamba imewaachia kazi isiyo na ladha. Tofauti baina yao hutokana na jambo moja ambalo wengi hawalitilii maanani: ni nani anayetangulia kufikiri?

ZAMANI karani akiagizwa aandike ripoti ya mwezi, alijua kwamba siku yake imekwisha. Angekusanya mafaili, akawaulize wenzake wa stoo, akune kichwa, aandike, afute, aandike tena. Saa kumi jioni angeipeleka kwa mkubwa wake akiwa amechoka, lakini akitembea kifua mbele.

Karani wa leo huketi mbele ya kompyuta, akaandika maagizo ya mistari miwili, na kabla chai yake haijapoa ripoti ya kurasa tatu iko tayari. Imepangika vizuri na haina kosa la tahajia hata moja.

Kwa hesabu ya kawaida, huyu wa leo ndiye mwenye bahati. Lakini hebu mwulize jioni akiwa kwenye foleni ya matatu: leo umefanya nini? Huenda akanyamaza kidogo kabla ya kujibu. Kazi imefanyika, ndiyo, ila hana hakika kama ni yeye aliyeifanya. Mshahara hauna tatizo, mkubwa hajalalamika, lakini kuna kitu kimepungua ambacho hawezi kukitaja.

Makala haya yanahusu kitu hicho.

Kwa wasioifahamu, akili unde ni programu za kompyuta zilizofunzwa kwa kulishwa maandishi, picha na sauti nyingi mno, hata zikaweza kuandika, kutafsiri, kuchora na kujibu maswali kama binadamu. Wengine huiita akili bandia au akili mnemba, na vijana wa mjini huitaja tu kwa herufi zake mbili, AI. Ilianza kuzungumziwa sana majumbani baada ya kampuni ya OpenAI ya Marekani kuitoa ChatGPT mwezi wa Novemba 2022. Leo haihitaji hata kompyuta, simu inatosha.

HOFU ILIYO NA MSINGI

Tusidanganyane. Wapo waliopoteza riziki. Humu nchini kulikuwa na vijana wengi, baadhi yao wenye digrii, waliojikimu kwa kuwaandikia watu wa ng'ambo makala na insha kupitia intaneti, au kunukuu sauti zilizorekodiwa. Mashine ilipoanza kufanya kazi hizo kwa dakika chache, wateja walipungua. Mkono mtupu haulambwi, na kumwambia kijana wa aina hiyo kwamba ateknolojia mpya itamletea raha ni kumtonesha kidonda.

Hata hivyo, walio wengi hawajafukuzwa kazi. Wamebaki katika viti vyao, na mashine imewekwa kando yao. Kwao swali ni hili: je, nitakaa na mwenzangu huyu miaka mingi ijayo bila kugeuka kuwa mtu wa kubonyeza vitufe tu?

RAHA YA KAZI HUTOKA WAPI?

Watu wengi hudhani raha ya kazi hutokana na wepesi wake. Ingekuwa hivyo, mlinzi anayelala langoni usiku kucha angekuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mjini.

Mnamo 1976 wataalamu wawili wa Marekani, Richard Hackman na Greg Oldham, walichapisha maelezo ambayo bado hufundishwa katika vyuo vya usimamizi. Walitaja mambo matano yanayoifanya kazi iridhishe. Kwanza, kazi itake ujuzi wa namna mbalimbali. Pili, mtu aione kazi nzima tangu mwanzo hadi mwisho, si kipande tu. Tatu, iwe na manufaa kwa watu wengine. Nne, mfanyakazi awe na uhuru wa kuamua. Tano, ajue kama alichofanya kimefaulu au la.

Fundi wa nguo anayaelewa haya bila kwenda chuoni. Anachagua kitambaa pamoja na mteja, anapima, anakata, anashona, na Jumapili anamwona mteja yuleyule akiingia kanisani amependeza. Mambo yote matano yamo humo. Mnyime kupima, mnyime kukata, mwachie kushona vifungo pekee kutwa nzima, na utakuwa umemwondolea kazi ngumu na raha kwa pamoja.

Nairobi yenyewe imeshuhudia jinsi akili unde inavyoweza kuzaa kazi isiyo na hata moja kati ya hayo. Mnamo Januari 2023 jarida la TIME la Marekani lilifichua kwamba vijana wa jiji hili walikuwa wamelipwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa ili wasome maandishi ya ukatili na unyanyasaji na kuyawekea alama, mashine ipate kufunzwa kuyaepuka. Walisoma vipande vipande, kwa kasi waliyopangiwa, bila kuona kilichojengwa na jasho lao. Baadhi walisema yale waliyoyasoma yaliwasumbua akili. Mei 1, 2023, Siku ya Wafanyakazi, watu zaidi ya 150 waliofanya kazi za aina hii walikutana Nairobi na kupiga kura ya kuunda chama chao. Pamoja na madai ya malipo, walikuwa wakidai kutendewa kama watu.

Basi kabla hujaisifu au kuilaani mashine iliyo ofisini mwako, iulize maswali hayo matano. Imekuongezea nini, na imekupunguzia nini?

HARAKA INAINGIA, HAMU INATOKA

Mgala muue na haki umpe. Kuhusu kasi, akili unde imejithibitisha. Katika utafiti uliochapishwa na jarida la Science mwaka 2023, wasomi wawili wa chuo cha MIT cha Marekani waliwapa wafanyakazi 453 wenye elimu ya chuo kazi za uandishi zinazofanana na zile za ofisini. Waliotumia ChatGPT walipunguza muda wao kwa asilimia 40, na ubora wa kazi zao ukapanda kwa asilimia 18. Waliofaidika zaidi ni wale waliokuwa dhaifu mwanzoni.

Lakini kuna upande wa pili. Mwaka 2025 jarida la Scientific Reports lilichapisha matokeo ya majaribio manne yaliyohusisha watu zaidi ya 3,500. Watu hao walifanya kazi kama kuandika barua pepe na kubuni mawazo mapya. Wale waliosaidiwa na akili unde walitoa kazi nzuri zaidi. Kisha wakapewa kazi nyingine ya kufanya wenyewe, bila msaada. Hamu yao ya kazi ilikuwa imeshuka kwa wastani wa asilimia 11, na uchovu wa moyo, yaani ile hali ya mtu kuiona kazi haina mvuto, ukapanda kwa asilimia 20.

Fikiria hilo kidogo, msomaji. Mashine haikuwachosha. Iliwapunguzia mzigo. Lakini ilipoondoka, kazi ya kawaida waliiona kama ugali bila mboga. Ni sawa na mtoto aliyezoea kubebwa mgongoni: ukimshusha atembee, analia kwamba njia ni ndefu, ingawa njia ni ileile.

Je, hatuna njia ya kupata kasi bila kupoteza hamu? Ipo, na mfano wake hauko mbali. Uko papa hapa Nairobi.

SOMO KUTOKA ZAHANATI ZA NAIROBI

Penda Health ni shirika lenye zahanati za bei nafuu jijini Nairobi na viungani mwake. Wanaotibu humo wengi wao ni maafisa wa kliniki, wale matabibu ambao Mkenya wa kawaida hukutana nao kwanza anapougua. Kazi yao ni pana ajabu. Asubuhi moja huweza kuleta mtoto mwenye homa, mzee wa shinikizo la damu, mama mjamzito na kijana aliyeanguka na pikipiki. Hakuna binadamu anayeweza kukumbuka kila kitu kuhusu kila ugonjwa, na foleni nje haipungui.

Shirika hilo, likishirikiana na OpenAI, liliweka akili unde ndani ya kompyuta ambamo tabibu huandika habari za mgonjwa. Mwaka 2025 matokeo yake yalitolewa. Walichunguza ziara 39,849 za wagonjwa katika zahanati 15. Kundi moja la matabibu lilikuwa na mashine hiyo na jingine halikuwa nayo. Kisha madaktari wengine, wasiohusika na matibabu hayo, wakapitia maelfu ya rekodi zilizochaguliwa kwa bahati nasibu na kutafuta makosa.

Matabibu waliokuwa na mashine walifanya makosa machache kwa asilimia 16 katika kutambua ugonjwa, na machache kwa asilimia 13 katika matibabu. Ni vyema kukumbuka kwamba mtengenezaji wa mashine alikuwa mshiriki katika utafiti huu, na kwamba wagonjwa walipoulizwa kama wamepata nafuu, tofauti baina ya makundi hayo mawili haikuwa kubwa kiasi cha kutegemewa. Lakini kinachotuhusu sisi leo ni namna mashine yenyewe ilivyopangiwa kazi.

Haikuambiwa imtibu mgonjwa. Tabibu ndiye aliyemsikiliza, akampima, akafikiri, akaandika alichodhani kuwa ni ugonjwa na dawa anayokusudia kumpa. Mashine ilikaa kimya nyuma yake ikisoma. Kisha ikamwonyesha rangi, kama taa za barabarani. Kijani maana yake hakuna neno, endelea. Manjano maana yake kuna jambo ungeweza kulitazama, ukipenda. Nyekundu maana yake simama kwanza, soma onyo hili kabla hujaendelea. Hata baada ya nyekundu, uamuzi ulibaki wa tabibu.

Yaani mashine haikukaa kwenye kiti cha dereva. Ilikuwa kama kondakta mwenye macho mazuri anayepiga bodi ya gari: "Ngoja! Kuna mtu nyuma."

Kilichofuata kinapendeza. Mwanzoni matabibu wengi walizipuuza taa. Zaidi ya thuluthi moja ya ziara ambazo mashine ilitoa onyo jekundu ziliisha likiwa bado jekundu. Shirika halikuwafokea wala kuwakata mishahara. Liliwachagua matabibu wenzao wawe wa kuwaelekeza, likawaeleza sababu ya mpango huo, na likawapa taarifa ya jinsi walivyokuwa wakiendelea. Ziara zilizoachwa na onyo jekundu zikapungua hadi karibu moja kwa kila tano.

Kubwa zaidi, kadiri siku zilivyopita, taa nyekundu zenyewe zilianza kuwaka kwa nadra tangu mwanzo wa ziara. Matabibu walikuwa wamejifunza. Makosa ambayo mashine iliwakumbusha jana, leo waliyaepuka kabla haijawaambia. Walipoulizwa maoni yao, waliojibu wote katika kundi la mashine walisema iliboresha huduma waliyoitoa.

Sasa geuza mpango huo juu chini. Tuseme mashine ndiyo ingeandika ugonjwa na dawa, na tabibu abaki wa kutia sahihi. Foleni ingekwenda kasi zaidi. Lakini tabibu angejifunza nini? Baada ya mwaka mmoja wa kutia sahihi, siku stima ikipotea na mtoto mwenye degedege yuko mikononi mwake, angetegemea kitu gani? Na jioni angerudi nyumbani akijiita tabibu, au karani wa mashine?

Programu ingekuwa ileile na zahanati zilezile. Kinachobadilika ni nani aliyetangulia.

HADITHI ZINAZOFANANA KAMA SARE

Jambo hilohilo linaonekana katika kazi za ubunifu. Mwaka 2024 jarida la Science Advances lilichapisha utafiti ambamo watu takriban 300 walitunga hadithi fupi za sentensi nane. Wengine walipewa mawazo ya kuanzia na akili unde, wengine wakatunga wenyewe. Wasomaji walipozisoma hadithi hizo moja moja, walizisifu zile zilizosaidiwa na mashine, hasa za watunzi wasio na kipaji kikubwa. Lakini zilipowekwa pamoja, zilizosaidiwa na mashine zilifanana zenyewe kwa zenyewe kuliko zile za watu waliotunga peke yao.

Kila mmoja alipata faida, na wote kwa pamoja wakapata hasara.

Hili halihitaji mtaalamu. Nenda katika vibanda vya kupiga chapa mjini, pale watu wanapokwenda kutayarisha vitabu vya mazishi. Hapo zamani mwenye kibanda alimketisha jamaa wa marehemu na kumwuliza: mzee alipenda nini? Alikuwa akiwaitaje wajukuu? Alitembea kutoka wapi kwenda kutafuta kazi? Naye jamaa, katikati ya machozi, angecheka akikumbuka kwamba mzee alikuwa hali chakula mpaka redio imalize habari. Hilo likaandikwa, na siku ya mazishi uwanja mzima ukatikisa kichwa: kweli, huyo ndiye mzee wetu.

Leo ni rahisi kuandika jina, umri na idadi ya watoto, kisha mashine ikatoa tawasifu nzuri sana. Alikuwa nguzo ya familia. Alikuwa taa kwa jamii. Atakumbukwa kwa ukarimu wake. Hakuna uongo ndani yake, lakini ibadilishe jina na itamfaa jirani. Mzee wa redio amezikwa bila redio yake. Na mwenye kibanda, ambaye zamani alishikwa mkono na wafiwa na kuambiwa ahsante, leo anahesabu kurasa tu.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mashine imesoma maandishi mengi ya Ulaya na Marekani na machache sana ya Kariobangi. Haijui sauti ya mama mboga wa mtaa wenu anavyomwita mteja, wala kwa nini watu wa pale hucheka wakisikia neno fulani. Kwa anayeandika matangazo ya biashara, anayetunga mchezo wa redio au anayepanga harusi, huo ndio mtaji. Ukiiachia mashine ianze, utapata kile ambacho kila mtu amepata. Ukianza na lako, mashine itakusaidia kulisafisha.

ALIYEACHA NA WALIOENDELEA

Kuna kisa cha mchezo wa Go, unaopendwa sana Korea, Japan na Uchina. Huchezwa kwa mawe meusi na meupe juu ya ubao, na kama bao kwetu, huheshimiwa kuwa kipimo cha akili. Machi 2016 bingwa Lee Sedol wa Korea Kusini alikabiliana jijini Seoul na AlphaGo, programu iliyotengenezwa na kampuni ya DeepMind ya London. Walicheza mara tano. Lee alishindwa mara nne na kushinda mara moja, katika mchezo wa nne, kwa hatua ambayo mashine haikuitarajia.

Novemba 2019, akiwa na umri wa miaka 36, Lee alitangaza kustaafu. Alieleza kwamba hata angekuwa nambari moja duniani, bado kungekuwapo kitu kisichoshindika. Hatuwezi kumlaumu. Alikuwa ameipenda kazi yake kwa sababu ya kuwa juu kuliko wote, na juu hapakuwa tena pake.

Lakini tazama wenzake waliobaki. Watafiti walizichambua hatua zaidi ya milioni 5.8 zilizochezwa na mabingwa wa Go tangu 1950 hadi 2021, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2023. Waligundua kwamba baada ya mashine kuwashinda binadamu, uchezaji wa binadamu uliboreka kwa kiasi ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miaka mingi, na wachezaji wakaanza kujaribu hatua mpya ambazo hazikuwahi kuchezwa. Mashine iliwaonyesha kwamba mambo waliyofunzwa kuwa ni mwiko hayakuwa mwiko.

Hawa pia hawataishinda mashine. Lakini kwenye ubao wa mashindano mchezaji hukaa peke yake, kwa hiyo analazimika kufikiri mwenyewe, kisha akirudi nyumbani ajichunguze kwa msaada wa mashine. Utaratibu wa zahanati za Nairobi na wa mabingwa wa Seoul ni mmoja.

MAMBO YA KUZINGATIA KAZINI

Haya hapa machache ambayo yeyote anaweza kuyaanza kesho asubuhi.

1. Andika lako kwanza. Hata kama ni mistari mitano iliyopinda, iweke karatasini kabla hujaifungua programu. Dakika kumi hizo ndizo zinazoifanya kazi iwe yako.

2. Omba kukosolewa, usiombe kufanyiwa. Badala ya kusema "niandikie barua hii", sema "soma barua yangu, nimesahau nini? Mteja ataelewa vibaya wapi?" Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, lakini anayeomba majibu tu naye hajifunzi.

3. Igawie kazi ya kijungujiko, ubaki na kazi ya moyo. Kila kazi ina sehemu ya kuchosha na sehemu ya ladha. Mwalimu anaweza kuipa mashine kazi ya kupanga ratiba au kutunga maswali ya ziada, akabaki na muda wa kukaa na mtoto ambaye hesabu zimemlemea. Orodhesha shughuli zako za wiki nzima, kisha jiulize ni zipi ungezikosa zikiondolewa. Hizo usizigawe.

4. Hakikisha mwenyewe. Mashine hubuni mambo ambayo hayapo na kuyaeleza kwa ufasaha. Juni 2023 jaji wa mahakama moja ya New York aliwatoza mawakili na kampuni yao faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hukumu ambazo ChatGPT ilikuwa imezizua tu. Faini ililipwa na walioweka majina yao. Mashine haikulipa hata senti.

5. Chunga siri za watu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inalinda habari za kibinafsi za wateja, wagonjwa na wanafunzi. Usizimwage ndani ya programu yoyote ya simu kwa sababu tu una haraka.

Kwa waajiri nako kuna neno. Mfanyakazi akiokoa saa mbili kwa siku nawe ukampa papo hapo kazi nyingine ya saa mbili, na ya kubonyeza vitufe vilevile, usishangae akianza kutafuta kazi kwingine. Mpe sehemu ya muda huo ajifunze, azungumze na wateja, ajaribu wazo lake mwenyewe. Na kabla hujaleta programu, waulize watakaoitumia.

KWA WAZAZI NA WANAFUNZI

Mwanafunzi yuko hatarini kuliko karani. Karani aliwahi kujua kuandika ripoti kabla mashine haijaja, kwa hiyo akitaka anaweza kurudi nyuma. Mwanafunzi anayefanyiwa insha tangu kidato cha kwanza hana mahali pa kurudi.

Mzazi, marufuku peke yake haitoshi, kwa maana simu unaificha leo, kesho ataikuta kwa rafiki. Jambo linalosaidia ni kumwambia mwanao akusimulie kwa mdomo alichoandika, mkiwa mezani au mkiosha vyombo. Mwulize: kwa nini ulisema hivi? Ungempinga vipi mtu asiyekubaliana nawe? Aliyefikiri atajibu, hata kwa kigugumizi. Aliyenakili atatazama dari. Usimpige, mwambie akaandike ukurasa mmoja wake mwenyewe, ndipo airuhusu mashine imkosoe.

Nawe mwanafunzi wa chuo unayeandaa tasnifu, jua kwamba mwajiri unayemtafuta tayari anayo mashine. Hataajiri mtu mwingine wa kumletea majibu ya mashine hiyo. Anamhitaji mtu atakayegundua inapokosea, na atakayeleta wazo ambalo haikuwa nalo. Uwezo huo haupatikani kwa kutazama wengine wakifikiri, sawa na vile hakuna aliyejifunza kuogelea kwa kukaa ufuoni.

Turudi kwa karani wetu aliye kwenye foleni ya matatu. Kesho akifika ofisini, aiache kompyuta kwa muda. Aende stoo kwanza awaulize wenzake kwa nini mwezi huu mali nyingi zimerudishwa. Aandike kwa kalamu mambo matatu aliyoyagundua. Ndipo akae chini, ayaingize, na kuiambia mashine imsaidie kuyapanga na imwonyeshe palipo na pengo.

Ripoti itachelewa kidogo. Chai itapoa. Lakini mkubwa akiuliza swali, atakuwa na jibu lake mwenyewe, na jioni akiulizwa amefanya nini, hatanyamaza. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na huyu ndugu mpya, pamoja na wema wake wote, hatakufanyia kufikiri bila kukudai kitu.